Muulize Fundi: Nikipaka vanishi, rangi ya mbao inatoka na brashi!

Safari hii karibu barua zote zimegonga pale pale. Mtu kaipaka mbao rangi, imetoka vizuri, anaifurahia, anakuja kupitisha vanishi ya kuikinga, ile ya kung'aa isiyo na rangi, kila kitu kinavurugika. Inaniuma kwa sababu kupiga msasa na kutia rangi ndo kazi kubwa, alafu mtu anaipoteza dakika za mwisho. Jibu la kwanza nimelirefusha makusudi maana mengine yanaegemea hapo.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimetengeneza meza ya sebuleni ya paina, nikaipaka ile rangi ya unga unayochanganya na spiriti ili ifanane na mninga, ikatoka poa sana. Kesho yake nikapiga sanding sila (ile vanishi ya koti la chini inayopigwa msasa kirahisi) kwa brashi, hapo ndo balaa, brashi ikawa nyekundu, kopo la sila likawa jekundu, meza ina mistari mistari, pengine peusi pengine pameparara. Niliambiwa niiache siku moja ikauke na nikaiacha. Je mda haukutosha? Na sa hivi nifanyeje, mteja anaitaka Jumamosi.
Msomaji, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hapana, siyo swala la mda, hata ungeiacha mwezi mzima ingetoka hivyo hivyo. Rangi hizi za kuyeyuka haziwi ngumu zikikauka kama inavyokuwa rangi ya ukutani, hazina gundi ya kuzishika, kinachokauka pale ni spiriti tu, rangi yenyewe imekaa ndani ya nyuzi za mbao kama chai kwenye shati jeupe, na ukiirudishia kile kimiminika kilichoiyeyusha mwanzo inaamka tena. Sasa sanding sila zetu hizi za madukani nyingi ni za NC, yani nitroselulosi, zinapunguzwa na tina, na ndani ya tina mna mchanganyiko wa vitu vikali, vingine ni ndugu kabisa na spiriti. Kwa hiyo uliiyeyusha upya, na brashi ikaisukuma huku na huku, ndo hiyo mistari unayoiona. Ungepaka shelaki (vanishi ya utomvu wa kijidudu, nitaieleza huko chini) kwa brashi ingekuwa yale yale, maana shelaki nayo inayeyushwa na spiriti.

Mimi nasimamia kanuni moja na naomba uishike: kabla hujagusa vanishi jiulize rangi yangu niliichanganya na nini, alafu tafuta vanishi ambayo HAIPUNGUZWI na kitu hicho. Rangi ya maji, pita juu na vanishi ya mafuta, au shelaki, au laka ya NC. Rangi ya spiriti, pita na vanishi ya mafuta, zile zinazopunguzwa na waiti spiriti (hiyo ni jamii ya mafuta ya taa, usiichanganye na spiriti ya zambarau, muuza duka naye wakati mwingine anachanganya). Rangi iliyoyeyushwa kwenye mafuta, anza na shelaki. Basi.

Na kama hujui rangi ilichanganywa na nini, labda umenunua kopo halina maelezo, chukua kitambaa cheupe ukiloweshe na kipunguzi cha ile vanishi unayotaka kutumia, kibonyeze chini ya meza mahali pasipoonekana uhesabu mpaka kumi. Kikitoka kimeshika rangi, vanishi hiyo usiipeleke kwa brashi. Jaribio hili halikugharimu chochote na sielewi kwa nini mafundi wengi hawalifanyi.

Sasa meza yako. Usipake rangi nyingine juu ya hayo mabaka, utazidi kuiharibu, sehemu zenye sila hazitainywa rangi na zisizo na sila zitainywa mara mbili. Chukua vitambaa vingi vya pamba, lowesha na tina, futa uso mzima wa meza kwa kufuata nyuzi, badilisha kitambaa kila kikijaa, mpaka sila yote itoke. NC ina uzuri huo, inakubali kuyeyuka hata ikiwa imeshakauka. Rangi nayo itatoka kiasi ila itatoka kwa usawa, na itakayobaki imezama huko ndani haina shida, ndo inakuwa msingi. Ikikauka pitisha rangi yako tena, nyepesi kuliko ya mwanzo.

Hapo chagua. Kama una kampresa au unaweza kuazima, puliza ile ile sila kwa ukungu mwembamba sana, yani uso usionekane umelowa, uache dakika kadhaa, puliza tena hivyo hivyo mara tatu nne, ukungu ukitua mkavu mkavu haupati nafasi ya kuyeyusha rangi, na ukishajenga ngozi nyembamba hapo unaweza kupuliza kawaida. Njia hii inaweza kukufikisha Jumamosi. Kama huna kampresa, chukua vanishi ya mafuta, changanya nusu kwa nusu na waiti spiriti, paka kwa kitambaa koti la kwanza lizame, liache lilale usiku mzima, na kwa baridi ya Mafinga hata siku mbili, ukinusa bado kuna harufu kali ujue halijawa tayari. Kisha makoti mawili ya kawaida, kila moja na mda wake. Kwa njia hii Jumamosi haiwezekani, mpigie mteja umwambie. Na kwa rangi ya mninga mimi ningechagua hii, vanishi ya mafuta ina umanjano kidogo unaoipa nyekundu joto, inapendeza kuliko NC.

Usije tu ukapaka vanishi ya mafuta leo alafu kesho ukapiga NC juu yake, tina itaiingia chini ikunjamane yote. Na juu ya sila nene usiweke poliyurethani, sila zile zina unga wa kurahisisha msasa na poliyurethani haiushiki vizuri, baada ya mda inabanduka.

Paina pia ina vifundo vyenye utomvu. Ule utomvu unaweza kusukuma vanishi kutoka ndani, na vanishi ya mafuta ikawa haikauki juu ya kifundo. Vifundo vipake shelaki kidogo kwa kitambaa kabla ya yote, hata kabla ya rangi, ila ujue kwamba hapo rangi itanyweka kidogo, na kwa kifundo siyo tatizo maana chenyewe tayari ni cheusi.

Na vitambaa vya vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona ya karakana. Mafuta yale yanakauka kwa kuvuta hewa na yakivuta hewa yanatoa joto, kwenye rundo lile joto halina pa kwenda, vinaweza kuwaka vyenyewe usiku bila kiberiti wala moto wowote. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke viwe vigumu, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

SWALI: Habari za kazi fundi. Natengeneza kabati dogo la nguo za mtoto. Nimeipaka mbao rangi ya buluu ya kuchanganya na maji, napenda vile mistari ya mbao inaonekana chini yake. Nilijaribu vanishi ya mafuta kwenye kipande, buluu ikageuka kama kijani hivi. Vanishi ya maji nayo kwenye kipande kingine ikakwangua rangi. Sasa nimekwama. Na je mtoto akija kulamba kabati haitamdhuru?
Mama wa watoto wawili, Tanga

JIBU: Nzuri dada yangu, na hongera kwa kujaribu kwenye kipande kwanza, hapo umeokoa kabati zima. Ulichokiona ni sahihi, vanishi ya mafuta ina umanjano, na manjano juu ya buluu ni kijani, hamna namna ya kuikwepa, na kadri miaka inavyokwenda inazidi kuiva. Kwa buluu, kijivu, nyeupe na waridi vanishi ya mafuta iache kabisa.

Ya maji ndo inayofaa maana ikikauka inabaki safi kama kioo, usitishwe na ule weupe wa maziwa kwenye kopo, unaondoka. Tatizo ni kwamba rangi yako ni ya maji na vanishi ni ya maji. Kwa hiyo weka ukuta katikati yao, na ukuta wenyewe ni shelaki. Shelaki inatokana na utomvu wa kijidudu kinachoishi kwenye miti huko India na Thailand, inauzwa kwa vipande vyembamba au ikiwa imeshayeyushwa. Wewe omba iliyopaushwa na isiyo na nta. Isiyo na nta kwa sababu vanishi ya maji haishiki kwenye nta, iliyopaushwa kwa sababu ile ya kawaida ni ya rangi ya asali na itakurudisha kwenye kijani ulichokikimbia. Yeyusha gramu 120 kwenye lita 1 ya spiriti, au gramu 30 kwa robo lita kama kabati ni dogo, kwenye chupa ya glasi au ya plastiki, usitumie kopo la chuma. Iache usiku kucha huku ukiitikisa mara moja moja, alafu ichuje kwa kitambaa. Usichanganye nyingi ya kuweka stoo, ikikaa miezi mingi inapoteza nguvu na ukija kuipaka inabaki inanata tu haikauki.

Namna ya kuipaka sasa, hapa ndo penye kazi. Kunja kitambaa cha pamba kiwe kibunda kinachojaa kiganjani, kichovye, kikamue mpaka kisidondoshe, kisha vuta mara moja kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho bila kusimama, nyanyua mkono, sogea pembeni, vuta tena. Usirudi ulipopita hata ukiona pengo, pengo utalikuta kwenye koti la pili. Spiriti za dukani huwa na maji kidogo ndani yake, ukisugua yale maji yanatosha kuamsha rangi yako. Makoti mawili ya hivyo, yakikauka saa moja hivi kila moja, alafu ndo uje na vanishi ya maji kwa brashi laini. Kopo la vanishi ya maji usilitikise, likoroge taratibu na kijiti, mapovu yake yakikauka yanabaki pale pale. Na kabla ya koti la vanishi usipige msasa hapo kwenye shelaki, ni nyembamba mno, subiri mpaka koti la pili la vanishi.

Kuhusu mtoto, shelaki yenyewe inapakwa kwenye peremende na vidonge vya hospitali ili ving'ae, hiyo isikupe wasiwasi. Kwa vanishi kinachodhuru zaidi ni ile hewa inayotoka wakati bado haijakomaa. Kukauka kwa mkono ni saa chache lakini kukomaa mpaka ndani ni wiki kadhaa, kabati liache sehemu yenye hewa kama mwezi ndo uweke nguo za mtoto. Na nunua kopo lenye maelezo kwamba linafaa vifaa vya watoto, usichukue lisilo na lebo hata kama ni rahisi.

SWALI: Hujambo fundi, salamu kutoka Kisauni. Laka niliyopuliza juu ya viti vya rangi ya kahawia nzito imeota ukungu mweupe, kama mtu kapulizia pumzi kwenye kioo, na haufutiki. Mvua zilikuwa zinanyesha. Laka ni mbovu?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Laka yako ni nzima, ni hewa ya pwani. Tina ikiruka haraka inaupoza ule uso, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunasa ndani ya laka, na kwenye rangi nzito unaonekana zaidi. Subiri siku kavu, mchana jua likiwa limeshapanda, puliza tina tupu kwa ukungu mwepesi, laka italegea unyevu utoke na weupe uondoke. Dukani ulizia tina ya kuchelewesha, ile isiyoruka haraka, uitie kidogo kwenye laka zako za msimu wa mvua. Ila ukiona mvua ya masika imekaa kabisa, acha kupuliza, hata mteja akilalamika. Na vaa maski yenye makaa ndani yake, barakoa ya kitambaa haizuii hewa ya tina hata kidogo.

SWALI: Fundi, nilinunua kinyago nikaambiwa ni mpingo. Kila nikikishika mikono inakuwa myeusi, na kitambaa cha meza kimechafuka. Nataka nikipake vanishi isiyo na rangi kikae vizuri. Nitumie ipi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kabla ya vanishi tukijue kwanza hicho kitu. Mpingo weusi wake ni wa kiini cha mti chenyewe, ukiukwangua chini ni giza mpaka ndani, hauchafui mkono. Tena ni mzito mno, ukiutumbukiza kwenye maji unazama, ndo maana nje wanautengenezea zumari na klarineti. Kwangua kidogo chini ya kitako kwa ncha ya kisu. Ukikuta mbao nyeupe pote chini ya weusi, hiyo ni mbao nyingine imetiwa rangi. Ukikuta utando mwembamba mweupe sehemu ya nje tu usimlaumu mtu, mpingo wa kweli una ngozi nyeupe na wachongaji wengi huiacha makusudi kwa mapambo. Nasema hivi kwa sababu wachongaji wetu wa kweli wanaumia, mtu akishachafuka mikono mara moja haamini tena mpingo wowote.

Weusi unaotoka na mkono mara nyingi ni dawa ya viatu, na dawa ya viatu ni nta. Juu ya nta hamna vanishi itakayokaa, itajikusanya matone matone au itakauka kisha ibanduke kama gamba. Kwa hiyo usipake kitu kwanza. Osha kwa waiti spiriti na mswaki wa zamani, ingia kwenye mikunjo yote ya nguo na vidole na nywele, pangusa, rudia mpaka kitambaa kisafi kitoke kisafi, kisha acha siku nzima. Utakuta kimepauka, ndo mda wa kukitia rangi nyeusi ya kuyeyuka ya maji, ikikauka pitisha shelaki mbili tatu nyembamba kwa brashi ndogo. Mimi kinyago sikitii vanishi nene ya kung'aa, inajaza michirizi ya patasi na kazi ya mchongaji inapotea. Ukimaliza shelaki, isugue kidogo kwa pamba ya chuma ile laini kabisa, inatulia.

SWALI: Fundi, mlango wangu wa mbele unatazama magharibi. Ulipakwa rangi nyekundu nzuri na vanishi makoti mengi, haujamaliza mwaka umepauka upande wa chini unakopiga jua, juu kwenye kivuli cha baraza bado mwekundu. Mimi ni mwalimu mstaafu, siwezi kupaka kila mwaka. Kuna vanishi ya kuzuia hili?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Shikamoo mwalimu. Ya kuzuia kabisa haipo, na fundi aliyekuwekea rangi ya kuyeyuka kwenye mlango wa jua la Dodoma hakukutendea haki. Rangi hizi ni wajukuu wa ile ya zambarau aliyoipata William Perkin kule London mwaka 1856, kijana wa miaka 18 aliyekuwa anatafuta namna ya kutengeneza kwinini ya malaria. Zinapendeza hazina mfano ila jua ni adui yao, mwanga unazivunja huko huko ndani ya mbao, na vanishi isiyo na rangi inaupitisha mwanga huo. Zipo aina za kisasa zenye madini ndani yake zinazovumilia zaidi, nazo naziweka ndani ya nyumba tu.

Kwa mlango wa nje tumia rangi ya chembe, yani steini ile ukiiacha kwenye kopo inatuama chini kama tope. Zile chembe haziyeyuki, zinalizuia jua lisifike kwenye mbao. Mwambie fundi akwangue vanishi yote, apige msasa namba 120 kisha 180, apake steini hiyo, kisha vanishi ya nje iliyoandikwa kwamba ina kinga ya jua, ile inayotumika kwenye mashua, kwa sababu inabaki na ulaini kidogo na mbao ikivimba na kusinyaa haipasuki. Makoti matatu au manne, na mwisho wa mbao kule juu na chini ya mlango pasiachwe, mafundi wengi wanapasahau na maji yanaingilia hapo. Kupaka kila mwaka hutahitaji, ila kila ukiona mng'ao umeanza kufifia upande wa jua piga msasa mwepesi na koti moja jipya, usingoje ianze kubanduka, ikibanduka ni kuanza upya. Na kama unaweza kuongeza kibaraza cha bati mbele ya mlango, kitasaidia kuliko kopo lolote nitakalokutajia.

SWALI: Mambo fundi! Mimi rangi haitoki na brashi, inatoka na msasa. Kona zote za stuli zangu zimekuwa nyeupe baada ya koti la kwanza. Nifanyeje?
Kijana wa karakana, Morogoro

JIBU: Poa kijana. Rangi imeingia kidogo sana kwenye mbao na kwenye kona vanishi inakimbia inakuwa nyembamba, msasa ukipita mara mbili umeshafika kwenye mbao. Koti la kwanza usilipige msasa wa maana, pitisha tu 320 iliyochakaa kwa vidole uondoe vinyweleo. Kama rangi yako ni ya maji, vinyweleo vimalize kabla: lowesha mbao kwa maji matupu, ikauke, piga 220, ndo utie rangi. Msasa wa kusawazisha uje baada ya koti la pili au la tatu, na kona usiziguse kabisa, kunja msasa kwenye kibao upite katikati tu.

Kona zilizoharibika zichovyee rangi ile ile kwa brashi nyembamba ya kuchorea, kidogo kidogo, na usiihukumu ikiwa kavu kwa sababu rangi hizi zikikauka huwa zinafifia kama vumbi na watu wanaongeza mpaka inakuwa nyeusi. Pangusa hapo na kimiminika kisichoiyeyusha, kwa rangi ya maji tumia waiti spiriti, na ile sura unayoiona kabla hapajakauka ndo itakayokuwa chini ya vanishi. Ikilingana, acha ikauke, alafu puliza au paka koti linalofuata.